Watoto wa marehemu

Mwaka 1998, mvua za El Nino zilipokatika, nilikuwa darasa la tano nikikaa kwa bibi, Iramba, mkoani Singida. Kuku wake hawakufungiwa. Asubuhi wanatawanyika hadi mashambani, jioni wanarudi wenyewe.

Wiki ile matetea wawili waliangua kwa kupishana siku mbili. Mmoja alikuwa mweupe, mwingine kishingo, wale wasio na manyoya shingoni. Mweupe aligoma kulala bandani, akajikalia na wanawe chini ya kihenge, na usiku kicheche akamfikia. Asubuhi nilikuta manyoya tu, na vifaranga saba wamejibana pembeni mwa ukuta wanalia. Kifaranga aliyepotelewa na mama ana mlio wake, mkali, usiopumzika. Hadi leo nikiusikia moyo unanienda mbio.

Kwa haraka ya kutaka kuwasaidia niliwabeba kwenye shati, nikawamwaga mbele ya Kishingo, aliyekuwa anaparua pumba na wanawe tisa. Alimrukia wa kwanza, akamdonoa utosini mpaka damu ikatoka. Nilimnyakua huku nalia.

Bibi hakunigombeza. "Mume wangu, mchana anaona. Wake anawajua. Subiri giza liingie."

Tulishinda nao jikoni, kwenye tenga karibu na mafiga, tukiwapa chenga za mahindi. Yule aliyeumia bibi alimpaka mafuta ya alizeti.

Saa mbili usiku tuliingia bandani, koroboi tukaiacha mlangoni. Bibi akawapenyeza mmoja mmoja chini ya Kishingo, kimya kimya. Wa mwisho, yule mwenye kidonda, akanipa mimi. Nilipoingiza mkono nilishtuka: tumboni hapakuwa na manyoya, ni ngozi tupu, ina moto. Kishingo akatoa sauti nzito ya kooni, akajiinua kidogo, akajikalia tena juu ya vidole vyangu.

Tulipotoka bibi akaniambia tumebahatika kwa kuwa wanalingana umri. Wangekuwa wakubwa, hata wao wenyewe wangemkataa, maana kifaranga huishika mapema sauti ya mama yake.

Sikulala vizuri. Kulipokucha nilichungulia, na Kishingo akatoka na watoto 16. Alipofukua mchwa aliita, akawa anaokota na kudondosha, anaokota na kudondosha, wakamkimbilia wote. Yule mwenye kidonda akaja kudokoa mbele ya mdomo uleule uliomtoa damu. Nilijiandaa kuruka. Kishingo hakumgusa.

Adhuhuri mwewe akapita juu. Mlio mmoja tu, wote wakajitupa chini yake. Hawakuenea. Akajitandaza mpaka mabawa yakalala vumbini, na bado vijikia vitatu vilibaki nje.

Walipofikisha kama miezi miwili akaanza kuwafukuza, kama ilivyo kwa kuku anayetaka kutaga tena. Niliangalia kwa makusudi ataanza na nani. Aliwadonoa wote, wa kwake na wa marehemu, yeyote aliyemsogelea. Mwenye kovu utosini ndiye aliyechelewa kuelewa. Jioni tatu mfululizo alirudi kujipenyeza chini ya bawa, ingawa sasa kilichoenea ni kichwa tu.