Dar hadi Iringa na puto la gesi

Tulitoka stendi ya Magufuli pale Mbezi alfajiri, basi nyomi, pembeni yangu kakaa mama mmoja na mtoto wake wa kiume kapakatwa, kashikilia uzi wa puto la gesi lile linaloelea juu. Chalinze, Moro, hakuna la kusimulia, watu wamelala.

Mambo yakaanza Mikumi. Si unajua barabara kuu inakatisha katikati ya hifadhi karibu kilomita 50, sasa pundamilia wakaingia barabarani dereva akakanyaga breki za nguvu, vichwa vyote mbele, chupa ya maji ikabingirika mpaka kwa dereva. Bibi wa nyuma akang'aka, "we dereva mbona unatusukuma?" Jamani hajatusukuma mtu! Basi lilikuwa linaenda tuseme 60, na sisi tuliomo tunaenda 60 hiyohiyo, basi limepunguza ila mwili hauna habari, unaendelea na 60 yake mpaka uzuiwe na mkanda, au siti ya mbele, au kioo. Na 60 ni karibu mita 17 kila sekunde, kwahiyo mkanda fungeni. Hii ndo inesha, Newton aliiandika 1687 kama kanuni yake ya kwanza ya mwendo, ingawa Galileo alishaikaribia sana kabla yake: kinachokwenda hakihitaji kusukumwa ili kiendelee, kinahitaji kuzuiwa ili kisimame.

Sasa puto. Sisi wote tumeenda mbele, lenyewe likaenda NYUMA, dogo akacheka mpaka basi zima likageuka. Ni kwamba madirisha yalifungwa, AC inapiga, na hewa ya ndani nayo ina inesha, tena ni nzito kuliko gesi ya kwenye puto, ikakimbilia mbele ikalirudisha puto nyuma. Mpaka mama yake akaanza kuombea dereva akanyage tena lol.

Ruaha Mbuyuni tukanunua vitunguu, tukaanza kupanda Kitonga. Kila kona mnalalia upande wa nje kwa sababu mwili unataka kwenda moja kwa moja barabara ndo inakata. Ila mimi macho yalikuwa kwa malori yanayoshuka. Sheria inaruhusu mpaka tani 56, na uzito ukizidi inesha nayo inazidi, halafu mwendo ukiuongeza mara mbili nishati ya kuimaliza ni mara nne, breki zikibanwa muda wote zinachemka zinapoteza nguvu. Ndo maana dereva mzoefu anashuka gia ndogo injini imshikilie, anatambaa kabisa. Ukimkuta mbele yako usimpigie honi.

Ilula mama akanunua ndoo ya nyanya akataka kuipandisha juu kule kwenye mabegi, nikamwambia iweke chini miguuni dada, breki zikipigwa hiyo ndoo inashuka kwenye vichwa vya watu. Konda akasikia, "mwalimu, basi ishikilie wewe mpaka Iringa." Nikaishikilia.