Gofu Lililochorwa Kabla ya Msiba

Siku hizi macho yangu hayabanduki kwenye mchoro mdogo wa penseli ambao John Constable, mchoraji wa Uingereza, aliuchora mwaka 1814 katika kijitabu chake cha mfukoni, alipofika kwenye gofu la ngome ya Hadleigh, huko Essex, mahali ambapo Mto Thames unapanuka kuingia baharini. Ni mchoro wa haraka, wa mtu aliye safarini, na ndiyo maana naupenda.

Wapo wanaoamini kwamba wachoraji wa enzi ya Uromantiki, yaani wale wa mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19 waliotanguliza hisia, walipenda magofu kwa sababu gofu lina huzuni yake lenyewe. Kwa Hadleigh siioni hivyo. Ngome hiyo, iliyoanzishwa na Hubert de Burgh katika karne ya 13, iliuzwa mwaka 1551 kwa Lord Riche, akaibomoa ili apate mawe, na udongo wa mfinyanzi wa mlima ule ukazidi kuporomoka pamoja na kuta. Constable wa 1814 aliyachora mabaki hayo akiwa mchumba mwenye shauku, akamwandikia Maria Bicknell barua ya kumsimulia alichokiona. Walioana mwaka 1816, baada ya babu yake Maria kuwapinga kwa miaka mingi.

Novemba 1828 Maria alifariki kwa kifua kikuu, akaacha watoto 7. Ndipo mume wake aliporudi kwenye mchoro ule wa zamani, na mwaka 1829 akaonyesha katika Royal Academy, chuo cha sanaa cha London, picha kubwa ya rangi za mafuta: Hadleigh, asubuhi baada ya usiku wa dhoruba. Mnara wa kushoto umepasuka kutoka juu kwenda chini, ndege wanazunguka angani, mchungaji na mbwa wake wanapita chini ya ukuta, na rangi imepakwa nzito, penginepo kwa kisu, hata nyasi zinaonekana kutetemeka. Mawe ni yaleyale. Aliyebadilika ni mchoraji.

Leo mchoro wa penseli uko katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London. Rasimu kubwa ya rangi iko katika jumba la sanaa la Tate, katika jiji hilohilo. Na picha iliyokamilika iko katika chuo kikuu cha Yale, Marekani. Natamani sana zitundikwe ukuta mmoja, penseli ikitangulia, kwa sababu anayeiona picha ya 1829 peke yake anaweza kudhani kwamba Constable aliifuata huzuni Hadleigh, ilhali aliipeleka yeye.