Nilivyochemsha tsuba, kisha nikanunua upanga kwa sababu ya karafuu

Kazi yangu ni kukagua magari. Mwaka wa tisa huu niko Nagoya, nanunua kwenye minada kwa ajili ya wateja wa Dar es Salaam na Mombasa, na hapo sijisifu bure. Rangi ya pili naijua kwa ukucha tu. Gari lililorudishwa mita nyuma nalijua nikitazama mpira wa pedali ya breki ulivyolika. Kwa hiyo nilipoanza kupenda panga za kale za Kijapani nilijiambia, chuma ni chuma. Kisahani kinachoenea kiganjani kikaniingiza mjini mchana kweupe. Na kabla ya hicho, kingine nilikiua kwa mikono yangu mwenyewe.

Nianze na nilichokiua. Tarehe 18 na 28 za kila mwezi kuna gulio la vitu vya kale kwenye uwanja wa hekalu la Osu Kannon. Wengi huendea vikombe na kimono. Mimi nilikuta boksi la tsuba, yaani vile visahani vinavyokaa kati ya mpini na makali ili mkono usiteleze. Mwaka 1876 serikali ilikataza watu kutembea na panga kiunoni, isipokuwa askari na wachache wengine, na tangu hapo vifaa vingi vilifunguliwa vikauzwa peke yake. Utakuta tsuba ambayo upanga wake hakuna ajuaye ulikoishia. Yangu ilikuwa ya chuma, imetobolewa mfano wa bata wanaoruka, nyeusi inayoelekea kahawia. Nilitoa yeni elfu saba, au nane.

Nikaipeleka kazini kuringishia. Kuna kaka mmoja wa Tanga, fundi hodari kweli kweli wa injini, akaipindua mara mbili akatikisa kichwa. "Mdogo wangu, hii kutu imeshaila. Loweka kwenye siki na chumvi usiku kucha, asubuhi chemsha na magadi, halafu piga brashi ya waya. Itang'aa kama rimu mpya."

Nilifuata kila neno. Nilitumia sufuria ya wali. Maji yakageuka rangi ya chai kavu, kisha rangi ya oili chafu, nami nimesimama juu yake nafurahi kama mpishi wa harusi, nikidhani ni uchafu wa karne mbili unaotoka. Nikasugua hadi vidole vikachubuka. Ikatoka ya kijivu, imeng'aa, inafanana na spana. Nikaipiga picha nikaituma kwa jamaa wote. Kesho yake asubuhi ilikuwa imeota kutu nyekundu ya bati la paa, na wali wa sufuria ile ukawa na ladha ya msumari kwa wiki nzima.

Kuna muuzaji mmoja mzee mwenye kiduka chembamba, ngazi moja juu ya duka la saa. Nilimpelekea kwa kujivuna. Aliishika kwenye kingo tu, akanyamaza muda mrefu hata nikaanza kuona haya bila kujua sababu. Kisha akanionyesha ukingoni vijivimbe vigumu, kama mifupa inayosukuma ngozi kwa ndani. Chuma kigumu na laini vilifuliwa pamoja, kile laini kimeisha kwa miaka, kigumu kimebaki. Wenyewe huviita tekkotsu, mifupa ya chuma, na wapenzi wa tsuba za kale za Owari, jina la zamani la upande huu wa Nagoya, huvitafuta kwa tochi. "Ile kutu nyeusi ndiyo ilikuwa nguo yake," akasema. "Umeivua hadharani."

Basi sikiliza, wewe unayetaka kuanza. Kutu nyeusi haiguswi. Adui ni ile nyekundu yenye unga, nayo huparuzwa polepole kwa kipande cha pembe au mfupa, halafu unasugua kwa kitambaa cha pamba huku unaangalia mpira. Mpira wa msimu mzima, si mechi moja. Siki waachie wapika achari.

Kile kilichoniingiza mjini sitakisimulia sana, bado kinauma. Nilikinunua mtandaoni, elfu ishirini na kitu, kina joka na saini ya fundi. Tsuba iliyofuliwa ukiining'iniza na kuigonga kwa ukucha mara nyingi hulia kama kikengele. Hii ilisema "tu", kama kifuniko cha chungu. Kipimo hicho hakimalizi kesi, lakini nikaingiza tochi kwenye matundu ya joka nikaona chembechembe za mchanga na mshono wa kalibu: imesubiwa kiwandani. Na tundu la katikati, upanga unapopita, lilikuwa safi kama la nati dukani. Tsuba iliyowahi kuvaliwa huwa na alama za patasi hapo, na mara nyingi vipande vya shaba nyekundu vilivyopigwa pembeni ili ikae sawa kwenye upanga wake. Mimi ambaye natazama kila boliti ya bawaba ya mlango kama imeguswa na spana!

Sasa karafuu. Mimi ni mtoto wa Pemba, nimekulia kwenye makonyo. Kila nikipanda zile ngazi za mzee nilikuwa nasikia harufu ya nyumbani, nikidhani ni hamu tu ya ugenini. Siku moja nikauliza. Akanionyesha kichupa: mafuta ya choji, ya kupaka panga zisishike kutu. Choji ni karafuu. Ya siku hizi mengi ni mafuta ya mashine yaliyotiwa karafuu ya kunukia tu, lakini pua haijali. Kisha akafuta upanga mmoja, akauelekeza chini ya balbu, akaniambia niinamishe kichwa mpaka mwanga utambae kwenye chuma. Mstari mweupe ukajitokeza kando ya makali, wote vichwa vya mviringo vyenye vikonyo vyembamba, vimesongamana.

Mstari huo ndio hamon. Mhunzi hupaka udongo kwenye upanga, mwembamba upande wa makali na mnene mgongoni, ndipo anauzamisha mwekundu majini. Makali yanapoa haraka yanakuwa magumu, mgongo unabaki na ulaini wake, na mpaka kati yao ndio hiyo michoro. Wa namna ile huitwa choji-midare, yaani karafuu zilizotawanyika, na wahunzi wa Bizen, jimbo la zamani lililoko Okayama ya leo, ndio waliosifika kwao. Nikamwonyesha mzee picha ya mkeka wa mama kule Wete, karafuu mbichi hazijachambuliwa. Alikuwa ametamka neno choji miaka hamsini bila kuona karafuu mbichi hata siku moja. Akaita mkewe aje aone. Tangu hapo nikawa mwanafunzi wa bure.

Kwanza adabu: huongei juu ya upanga uliochomolewa, maana mate ni kutu ya kesho. Hugusi chuma kwa vidole. Ukimpa mtu, makali yanakuelekea wewe. Halafu kuuvua mpini. Unasukuma kile kijiti cha mianzi kinachoufunga, unaushika mpini kwa mkono wa kushoto, upanga umesimama, kisha unajipiga ngumi juu ya kifundo cha mkono huo huo. Upanga unaruka kidogo, unalegea. Mara ya kwanza nilijipiga kwa huruma, haukutikisika. Mara ya pili kwa hasira, ukaruka nusu utoke wote, na mzee akasema neno ambalo sikuwahi kulisikia kwenye darasa la Kijapani.

Mambo yote yako kwenye msuka, ile sehemu ya chuma inayojificha ndani ya mpini. Watu wanatazama makali, mimi sasa naanza chini, kama ninavyoanza na chasisi. Rangi ya kutu, jino la tupa, yaani mikwaruzo aliyoiacha mhunzi, idadi ya matundu ya kijiti, saini. Saini zilinitisha mpaka nikagundua kwamba huhitaji kujua Kijapani chote. Nilijifunza herufi kama arobaini tu: kane, kuni, mitsu, suke, sada, masa, hiro, na ile ya "mkazi wa" na ya "ametengeneza". Husomwa toka juu, mara nyingi jimbo au mji kwanza, kisha jina. Tochi ya simu iweke ubavuni, si mbele, mikato itajaa kivuli na herufi zitanyanyuka. Na kutu ndani ya mkato ifanane na ya nje. Ikitofautiana, hiyo ni namba ya chasisi iliyopigwa upya. Saini za uongo zimeanza zamani sana, na jina likiwa kubwa ndivyo wasiwasi uwe mkubwa. Ukiona Kotetsu, mhunzi maarufu ambaye saini yake imeigwa mno, tabasamu, urudishe.

Binamu yangu wa Uingereza alisikia nimekuwa bingwa, akanitumia picha ya "upanga wa samurai" aliouziwa. Mpini wa aluminiamu uliopakwa rangi ufanane na uzi wa kusuka, na namba imepigwa kwenye chuma chenyewe. Nilimjibu kabla chai haijapoa: upanga wa askari wa cheo cha chini, muundo wa 1935, wa kiwandani. Hajanijibu mpaka leo.

Nilivyopata wangu ni hivi. Mzee alileta wakizashi, upanga mfupi, sentimita hamsini na ushei, hauna saini, na karafuu zimejaa toka chini hadi karibu na ncha. Juu ya karafuu kulikuwa na kivuli kama ukungu wa alfajiri, utsuri, ambacho nilishasoma kwamba ni alama ya Bizen. Moyo ukaruka. Nikajiambia hii ni Ichimonji, kundi la wahunzi wakubwa wa Bizen, ya karne ya 13, mzee amezeeka hajaona! Nikalipa laki tatu kasoro bila kuomba apunguze, mimi ambaye hubishania yeni elfu moja ya tairi. Mke wangu nilimwambia laki moja.

Karatasi hazikusumbua. Upanga halali hapa una cheti chake, na ukishanunua una siku 20 kuijulisha kamati ya elimu ya mkoa ulioandikwa kwenye cheti. Naam, elimu, watu wale wale wa mambo ya shule. Kuutoa nje ya nchi ni kibali kingine, cha idara ya utamaduni, lakini wangu hauendi popote.

Nikaupeleka Tokyo kwa NBTHK, chama cha kuhifadhi panga kilichoanzishwa 1948, wauamue. Ada, usafiri, miezi ya kungoja. Jibu likaja: daraja la Hozon, la chini kabisa, kundi la Ishido. Hao ni wahunzi wa karne ya 17 walioiga Ichimonji, ukungu na karafuu zote. Nilikuwa nimekosea kwa miaka kama mia nne. Mzee alicheka mpaka akashika meza. Akaniambia upanga wa Ichimonji ungekuwa mrefu, na kama ungefupishwa hadi pale, msuka ungekuwa umekatwa na una matundu mawili au matatu. Wangu una moja, na jino la tupa zima. Sehemu ile ya karibu na mgongo nyuzi za chuma zimenyooka kama za ubao, alama ya nyakati za baadaye. Yote niliyatazama kwa macho yangu na tochi. Nilikuwa nanusa karafuu.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza.

"Nilikuuzia kwa bei ya Ishido," akasema.

Upanga uko kabatini, naupaka mafuta kila baada ya miezi kadhaa, na siku hiyo nyumba nzima inakuwa Pemba. Ile tsuba niliyoichemsha imekaa ofisini inakandamiza karatasi za mnada. Imeanza kurudisha weusi kidogo upande mmoja, ule ninaoushika nikiongea na simu.