Piano nayo inasimulia

Kwenye karatasi ya programu jina langu huwa chini ya jina la mwimbaji, kwa herufi ndogo zaidi. Sina neno na hilo. Ninapiga piano kwa waimbaji wa lieder, zile nyimbo za Kijerumani za sauti moja na piano ambazo Schubert, Schumann, Brahms, Wolf na wenzao walizitunga juu ya mashairi ya lugha yao. Kinachonikera ni sifa ninazopewa onyesho likiisha: "Umemfuata vizuri sana." Wanaosema hivyo wana nia njema, ila nikisikia hivyo najua wamesikia nusu ya hadithi tu.

Tuanze na Gretchen am Spinnrade, yaani Gretchen kwenye gurudumu la kusokotea. Schubert aliitunga Oktoba 1814, akiwa na miaka 17, kwa maneno ya mshairi Goethe kutoka tamthilia yake Faust. Msichana amekaa peke yake anasokota nyuzi, na mawazo yake yote yako kwa mwanamume mmoja. Mkono wangu wa kulia ndio gurudumu: unazunguka, unazunguka, nota laini zisizokatika. Msichana anaanza kumtaja huyo mpenzi wake, mwendo wake, tabasamu lake, macho yake, mkono wake ukimshika, na kila anachokitaja kinampandisha sauti, mpaka anafika kwenye busu. Hapo gurudumu linasimama. Amesahau kukanyaga kibao kinacholiendesha. Halafu mkono wa kulia unazungusha kidogo na kusita, unazungusha tena na kusita, ndipo gurudumu linakamata mwendo. Mwimbaji hana neno hata moja la kusema pale, na sidhani kama katika wimbo mzima kuna sehemu inayotuambia zaidi hali ya moyo wa yule binti. Nikiwahi kuanza kwa sababu naogopa kimya, nimeua kila kitu.

Erlkönig, wimbo wa Schubert wa 1815 na shairi la Goethe pia, inajulikana zaidi, na sisi wapiga piano tunaijua kwa maumivu ya kifundo cha mkono. Farasi anakimbia usiku, baba amempakata mwanawe mgonjwa, na mkono wa kulia unagonga nota ileile tatu tatu, kwa kasi, karibu bila kupumzika. Schubert mwenyewe aliandika pia toleo jepesi lenye mapigo mawili mahali pa matatu, kwa hiyo asije mtu akaniambia mimi ni mvivu. Siri yake ni kuulegeza mkono na kuuacha udunde wenyewe. Ukiukaza, kabla ya ukurasa wa tatu umekuwa gogo.

Mwimbaji mmoja anabeba sauti nne humo: msimulizi, baba, mtoto, na yule Mfalme wa mizimu anayemrubuni mtoto. Watu humsifu kwa kubadilisha sauti, na anastahili. Lakini sikiliza piano inafanya nini Mfalme anapoanza kubembeleza. Ngurumo ya kwato inalegea, inageuka kuwa kitu chepesi, kitamu, karibu ngoma ya kuchezea. Farasi hajapunguza mwendo. Ni sisi tumehamishiwa ndani ya masikio ya mtoto. Mtoto anapopiga yowe la kumwita baba yake, ngurumo inarudi, na nota yake inagongana na zangu kwa makusudi kabisa. Kila yowe linalofuata liko juu kidogo kuliko lililotangulia. Wapo waimbaji wanaoona haya kuigonga nota ile, wanaizungushia utamu ili isikwaruze. Iache ikwaruze! Mtoto anakufa.

Mwaka 1816 rafiki wa Schubert alimpelekea Goethe kitabu cha nyimbo hizi, kikarudishwa bila jibu. Goethe alipenda nyimbo ambazo muziki unakaa pembeni na kuliachia shairi nafasi. Ninamwelewa. Kwa Schubert, piano haikai pembeni.

Sasa nije kwa Schumann, maana ndiko roho yangu iliko. Mwaka 1840 alitunga nyimbo zaidi ya mia moja, huku akipambana mahakamani na baba wa Clara Wieck apate idhini ya kumwoa. Walioana Septemba 12 mwaka huohuo. Dichterliebe ni ya mwaka ule, nyimbo 16 za maneno ya mshairi Heine. Wa kwanza unasema habari za mwezi wa Mei, maua yanachanua, mpenzi anaungama. Maneno yote ni ya furaha. Piano haiamini. Inaanza kama inauliza kitu, na mwimbaji akimaliza inauliza tena na kunyamaza pale pale, kwenye mlio unaodai jibu usipewe. Kule mwanzoni kabisa Schumann ameshatuambia mapenzi haya hayatafika mbali, wakati mwimbaji bado anachuma maua.

Mwisho wake ndio ulionifanya nichague kazi hii. Katika wimbo wa 16 mshairi amechoka, ana uchungu, anataka jeneza la kuzikia nyimbo na ndoto zake. Liwe kubwa kuliko pipa maarufu la mvinyo la Heidelberg, libebwe na majitu kumi na mawili, litupwe baharini. Unajua kwa nini liwe zito hivyo? Kwa sababu ametia humo mapenzi yake na maumivu yake. Mwimbaji ananyamaza. Kisha piano peke yake inaleta muziki wa wimbo wa 12, ule ambamo kijana anatembea bustanini asubuhi ya kiangazi na maua yanamnong'oneza, yakimwomba asimkasirikie dada yao. Maneno yameisha kwa kejeli na jeneza, piano inasamehe. Heine hakuyaandika hayo. Schumann ndiye aliyeona kuwa chini ya kejeli ile kuna mtu anayependa bado, na akatupa sisi wa kwenye kiti kazi ya kulisema.

Kipande hicho ni kirefu, na ndipo waimbaji wengi hawajui waiweke wapi mikono yao. Mmoja hutazama sakafu, mwingine hunigeukia na kunitazama kwa heshima, kama aliyekuja kusikiliza tu. Ninayefanya naye kazi sasa, baritoni, yaani mwenye sauti ya kiume ya kati, tumekubaliana hivi: macho yake yabaki palepale alipokuwa anaimbia, apumue na piano, na asilegeze mabega mpaka nimetoa mguu kwenye pedali. Tofauti ni kubwa mno. Watu hawakohoi, na wala hawapigi makofi mapema.

Mengine ya mazoezini niyapitie upesi. Mimi na mwimbaji hatukutani kwenye herufi ya kwanza ya neno, tunakutana kwenye irabu. Katika "Schmerz" au "Strom" konsonanti zote zile lazima ziwe zimeshapita pigo linapoanguka, la sivyo piano inaonekana imewahi. Kwetu sisi tuliozoea kila silabi ifungwe kwa irabu, tatizo liko mwisho wa neno: tunapenda kuchomeka kairabu baada ya t ya "Nacht", na silabi moja inakuwa mbili. Usemwe wimbo wote polepole bila kuimba mpaka tabia hiyo iishe.

Lingine ni kushusha ufunguo, yaani kuuhamisha wimbo mzima uimbwe chini kuliko ulivyoandikwa. Winterreise ya Schubert, nyimbo 24 za 1827, iliandikwa kwa sauti ya juu, ingawa wengi tumeizoea kwa baritoni. Hakuna ubaya, na Schubert mwenyewe alikuwa na Der Leiermann, wimbo wake wa mwisho, katika B maina kabla haijachapishwa katika A maina, hatua moja chini. Lakini mwimbaji anayeniambia jioni ya onyesho "tushushe hatua mbili" ajue kwamba mkono wangu wa kushoto unaingia kwenye tope. Nota za chini zikisongamana hazisikiki tena moja moja, na pedali niliyoizoea haifai kitu.

Kwa msikilizaji nina ombi moja: soma tafsiri ya shairi kabla, kisha weka karatasi chini. Ukisoma mstari kwa mstari wakati tunaimba, macho yako yanafuata maneno na masikio yanaenda huko huko. Halafu tafuta Winterreise ya mwimbaji Dietrich Fischer-Dieskau na mpiga piano Gerald Moore, waliyoirekodi pamoja zaidi ya mara moja, na usikilize Gute Nacht, wimbo wa kwanza, ukimfuata Moore tu. Hatua za mtu anayeondoka usiku ziko mikononi mwake tangu pigo la kwanza. Ubeti wa mwisho unapogeuka kutoka maina, yenye mlio wa huzuni, kwenda meja, yenye mlio mwangavu, kwa sababu msafiri anapita mlangoni kwa mpenzi aliyelala na hataki kumwamsha, hatua hazibadiliki hata kidogo. Mwanga tu ndio unabadilika.

Sasa hivi tuko kwenye nyimbo za Hugo Wolf za mashairi ya Mörike, nyingi za 1888, ambazo kwenye jalada alitanguliza jina la mshairi. Tumechagua kumalizia na Abschied. Mhakiki anamtembelea mshairi usiku bila kubisha hodi, anatazama kivuli cha mshairi ukutani na kumwambia pua yake ni kubwa kupita kiasi. Mshairi anamsindikiza kwa taa hadi kwenye ngazi, kisha anampa teke dogo la nyuma. Mhakiki anaporomoka, na piano inaangua waltz ya Vienna kwa sauti yote iliyo nayo. Baritoni wangu ananiomba nipunguze kidogo pale. Nimekataa.