Sinia moja, kikombe kimoja

Kampala, msimu wa hija

Ukizungumzia hija na ubaguzi wa rangi, jina linalotangulia ni Malcolm X, mhubiri na mwanaharakati Mweusi wa Marekani, aliyehiji Aprili 1964 na kurudi Marekani akiitwa El-Hajj Malik El-Shabazz. Husimuliwa kwamba aliona Wazungu wakiswali, moyo ukalainika. Simulizi hiyo inampunja.

Kwanza, alikuwa ameshaona. Mwaka 1959 alipita Misri na Saudia bila kuhiji, akakutana na Waislamu wa kila rangi. Akarudi, akaendelea kuhubiri kwamba Mzungu ni shetani kwa asili yake. Macho peke yake hayakutosha.

Hija humshika mtu kwa mwili. Ihramu, vazi la hija, kwa mwanamume ni shuka 2 nyeupe zisizoshonwa, moja kiunoni, nyingine mabegani. Malcolm alizivaa Cairo kabla ya kupanda ndege. Jeddah akazuiwa, Uislamu wake ukatiliwa shaka, na hapo ndipo mhubiri wa miaka mingi alipoanza kufundishwa swala kama mtoto wa madrasa. Vifundo vya miguu vilikataa kukunjika. Nadhani watu huruka ukurasa huu upesi mno: aliyezoea kufundisha alilazimika kuonyeshwa namna ya kukaa.

Kisha tawafu, mizunguko 7 Kaaba ikiwa kushotoni. Saayi, safari 7 kati ya Safa na Marwa. Kisimamo cha Arafa, uwanda ulio nje ya Makka, tarehe 9 Dhulhija. Usiku wa Muzdalifa bila paa. Vijiwe vya ukubwa wa harage vya kurushia nguzo za shetani, 49 au 70 kulingana na siku utakazobaki Mina. Katika barua yake kutoka Makka alitaja mambo ya kawaida kabisa: kula sinia moja, kunywa kikombe kimoja, kulala juu ya zulia moja na watu wenye ngozi nyeupe na macho ya buluu. Sisi tuliokulia kwenye sinia la pilau twajua maana yake. Mkono wa mwenzako unapita mbele yako, anakusogezea nyama. Huwezi kula hivyo na mtu unayemwona najisi.

Kilichohama ni shtaka. Alilitoa kwenye damu ya Mzungu, akaliweka kwenye matendo yake na mfumo wa Marekani. Ukali haukupungua.

Wala hakudanganyika na umati. Aliona kwamba hata Makka watu wanaofanana rangi hukaa pamoja, kwa hiari yao. Na Saudia yenyewe ilikuwa imepiga marufuku utumwa mwaka 1962 tu, miaka 2 kabla hajafika. Mwanaharakati anayekwenda leo ajue pia kwamba mahema ya Mina hupangwa kwa nchi, hivyo waweza kumaliza nguzo zote bila kula na mgeni hata mmoja. Muzdalifa ndipo pa kumtafuta: hakuna kitanda, watu wamelala chini, jirani hachaguliwi.

Uganda tunao ushahidi wetu unaouma. Agosti 1972 Idi Amin, aliyebeba Alhaji katika vyeo vyake, aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Miongoni mwao walikuwamo Waislamu wengi, wanaoelekea kibla kilekile. Cheo cha hija hakikuwakinga, kwa sababu cheo si sinia.

Malcolm aliifanyia kazi safari yake. Juni 28, 1964 alitangaza umoja wa Waamerika Weusi uliofuata mfano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Julai akawa Cairo, akiwaomba viongozi wa Afrika waifikishe kesi ya watu wake Umoja wa Mataifa. Katika ziara zake za mwaka huo alizungumza na Obote wetu pia, waziri mkuu wa Uganda wakati huo. Kati ya Arafa na risasi zilizomuua Februari 21, 1965, alipata miezi 10.