Paa la turubai la MGB ya mjomba

Mjomba alipoambiwa kwamba macho yake hayamruhusu tena kushika usukani, alinikabidhi funguo za MGB yake ya mwaka 1967, gari dogo la Kiingereza la michezo lenye paa la kukunja. Kuhusu injini hakusema mengi. "Hiyo hata fundi wa kando ya barabara atakutengenezea," aliniambia. "Wewe chunga paa."

Sikulichunga. Naishi Milimani hapa Nakuru, na gari hulala chini ya mjakaranda. Ikifika Oktoba maua ya zambarau yanaanguka, yanaozea juu ya paa na kuacha madoa ya kahawia, na ndege nao wanaongeza yao. Nikaona nilipeleke likaoshwe kama gari lingine lolote. Kijana akaleta mashine ya presha, akamwaga sabuni ya unga, halafu akamalizia kwa kupaka paa zima yale mafuta ya kung'arishia tairi. "Ndio iwake, mathe."

Liliwaka siku mbili. Siku ya tatu vumbi la Nakuru, ambalo halihitaji mwaliko, lilikuwa limenata kwenye mafuta yale, na paa jeusi likawa na rangi ya jivu. Mvua ya kwanza iliponyesha, matone yakaanza kuniangukia gotini.

Nikamwendea mzee mmoja, fundi wa viti vya magari. Nilidhani ataangalia kitambaa, lakini yeye alienda moja kwa moja kwenye mshono wa juu ya mlango, akaukwaruza kwa ukucha. Uzi ukakatika kama mnyoo mkavu.

"Mama, kitambaa hakina shida. Kilichooza ni uzi."

Ule ulikuwa uzi wa pamba uliochomwa na jua miaka yote, na presha ya maji ikamaliza kazi. Akanieleza pia lile turubai lenyewe lilivyo. MGB nyingi zilitoka kiwandani Abingdon, Uingereza, na paa la vinili, yaani plastiki laini, lakini mjomba alishonesha la kitambaa, lenye tabaka tatu: kitambaa juu, mpira katikati, pamba ndani. Kinachozuia maji ni ule mpira. Jirani alikuwa amenishauri nitoe mafuta kwa petroli. Mzee alicheka mpaka akaweka sindano chini: petroli ingeula mpira na gundi, nibaki na chujio la chai.

Alishona upya kwa mkono palipofunguka, kwa uzi wa poliesta, kisha akatoa bonge la nta ya nyuki kutoka Baringo akausugua mshono juu na chini, akiupasha joto kwa kidole gumba hadi nta ikazama.

Kuosha nilifanya mwenyewe, Jumamosi moja ya Januari, asubuhi, kivulini. Nilianza pakiwa pakavu, kwa brashi laini ya nguo, kwa sababu ukimwagia vumbi maji kwanza unapata tope linaloingia ndani ya nyuzi. Baada ya hapo nikalowesha kwa maji ya mpira wa bustani, bila kuubana mdomo. Sabuni ilikuwa ya maji, ile ya kufulia sweta, vijiko viwili kwenye ndoo ya lita 10. Nikasugua kipande kwa kipande nikifuata mwelekeo wa nyuzi, bila kuzungushazungusha mkono. Povu la kwanza lilitoka na rangi ya chai ya maziwa, la pili likawa jeusi na la kuteleza. Yale yalikuwa mafuta ya tairi, na yalinichukua raundi tatu.

Suuza kuliko unavyodhani inatosha. Mimi nilipitisha kiganja: kikiteleza, sabuni bado ipo, na sabuni iliyobaki haiachi dawa ya kuzuia maji ishike. Nililiacha paa limefungwa na kunyooshwa mpaka Jumapili, maana paa linalokunjwa likiwa na unyevu huota ukungu kwenye mikunjo.

Dawa niliyopulizia ni ya kitambaa cha mahema, isiyo na silikoni, kutoka duka la vifaa vya kambi Nairobi. Nilijaribu kwanza pembeni pasipoonekana. Kisha nikafunika rangi ya gari na vioo kwa kurasa za Taifa Leo, kwa sababu matone yake yakikauka kwenye kioo ni kazi kuyatoa. Nikapuliza mara mbili nyepesi badala ya mara moja nzito, na gari halikuguswa na maji siku nzima.

Dirisha la nyuma ni la plastiki, na lilikuwa la manjano kama mkojo wa ng'ombe. Nililisugua polepole kwa dawa ya kurudisha taa zilizofifia na kipande cha flaneli. Sasa nasoma namba ya matatu iliyo nyuma yangu. Dawa ya vioo yenye amonia siitumii tena, hukausha plastiki. Na Julai, asubuhi za Nakuru zinapokuwa na baridi ya kuuma, sikunji paa mpaka jua lilipashe dirisha, la sivyo linapasuka. Nikikunja, naweka fulana kuukuu katikati.

Mvua ya Aprili ilipokuja nilitoka na mwavuli kuangalia. Maji yalikuwa yanajikusanya vidonge na kubingirika kama juu ya jani la nduma. Kona moja upande wa abiria bado inadondosha. Mzee anasema hiyo ni raba ya mlango, si paa, kwa hiyo naendelea kuweka taulo dogo hapo.

Mjomba alikuja mwezi uliofuata. Hakuuliza kitu. Alisimama kando ya gari, akapitisha kiganja toka mbele kwenda nyuma, taratibu, mpaka kikafika juu ya mlango wa dereva. Kikasimama.

"Hapa umeshonesha," akasema.