Shaba Iliyozikwa na Shaba Iliyoyeyushwa

Chuma kikikaa ardhini huliwa na kutu mpaka kigeuke udongo mwekundu, lakini shaba nyekundu hujivika ganda la kijani na kudumu chini yake kwa mamia ya miaka. Kwa hiyo mtu angetarajia kwamba kila kijiji cha kale kinachochimbuliwa katika nchi zetu za maziwa makuu kingetoa vikuku na pete kwa wingi. Sivyo. Vitu vya shaba vinavyopatikana ni vichache mno kuliko jinsi wazee wetu walivyoithamini metali hii, na sababu ni kwamba kitu cha shaba hakitupwi. Kikikatika hurudishwa motoni na kufuliwa upya, na kila kizazi hufuta kazi ya kizazi kilichotangulia. Tunachokijua leo tunakijua hasa kutokana na vile vilivyozikwa pamoja na wafu, na vichache vilivyodondoka njiani, kama zile sarafu tano za shaba za masultani wa Kilwa zilizookotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia.

Makaburi yaliyonifundisha zaidi ni ya Sanga, katika bonde la Upemba kusini mwa Kongo, na ya Ingombe Ilede, karibu na mahali mto Kafue unapoingia Zambezi. Kule Sanga wafu walizikwa na vyungu, mapambo, na baadaye vipande vya shaba vyenye umbo la msalaba, ambavyo havikuhusiana kabisa na Ukristo. Mwanzoni misalaba hiyo ilikuwa mikubwa na michache. Kadiri karne zilivyopita ikawa midogo, mingi, na yenye ukubwa unaolingana, jambo linaloonyesha kwamba kitu cha heshima kilikuwa kinageuka kuwa fedha ya kununulia na kulipia mahari. Ingombe Ilede iligunduliwa mwaka 1960, na humo walikutwa watu waliozikwa wakiwa wamevaa bangili nyingi za waya wa shaba, wakiwa na misalaba ya shaba na vifaa vya chuma vya kuvutia waya. Kinachonistaajabisha zaidi ni nguo. Kitambaa cha pamba hakidumu katika ardhi ya kitropiki, ila pale kilipogusana na bangili, chumvi za shaba ziliwaua vijidudu vinavyoozesha, na nyuzi zikabaki.

Shaba hiyo ilitoka kwenye ukanda wa Katanga na Zambia, na namna ya kuiyeyusha iliandikwa vizuri kwa sababu bado kulikuwa na wazee walioijua mpaka mwanzoni mwa karne ya 20. Kazi ilifanywa wakati wa kiangazi, baada ya mavuno. Watu walichimba mawe ya kijani yaitwayo malakiti, wakajenga tanuri dogo kwa udongo wa kichuguu, ambao hustahimili moto, wakapanga mawe na makaa ndani yake, kisha wakavukuta kwa mivukuto ya ngozi mpaka joto likapita nyuzi 1,085, ambapo shaba huwa uji. Baadaye iliyeyushwa tena na kumiminwa kwenye kalibu. Waliotaka waya walifua fimbo nyembamba, wakaipitisha kwenye tundu la bamba la chuma na kuivuta kwa nguvu, kisha kwenye tundu jembamba zaidi, na jingine tena, hadi waya ukawa mwembamba wa kuzungushiwa nyuzi za mmea au nywele za mkia wa mnyama. Wayeke wa mfalme Msiri kule Katanga, ambao asili yao ni Unyamwezi, walisifika kwa ufundi huo katika karne ya 19, na kwa njia za biashara zilizopita Tabora shaba yao ilielekea mashariki na kaskazini.

Huku kwetu ustadi mkubwa ulikuwa wa chuma, na wahunzi wa Bunyoro, magharibi mwa Uganda, hawakuwa na mpinzani. Shaba ilikuja kama mali ya kigeni, na labda ndiyo maana ilikaa karibu na wafalme: wasafiri Waingereza Speke na Grant walipofika Karagwe, kaskazini magharibi mwa Tanzania ya leo, mwaka 1861, walionyeshwa hazina ya mfalme Rumanyika yenye vitu vya shaba na vya chuma vilivyofuliwa kwa ufundi wa ajabu. Ilhali wakati wote huo milima ya Rwenzori ilikuwa imekalia shaba yake. Mawe ya Kilembe, machimbo yaliyo kwenye milima hiyo, yamechanganyika na salfa, na hayakubali kuyeyushwa kirahisi kama malakiti. Yanahitaji kuchomwa kwanza ili salfa itoke. Ilibidi ifike 1956 ndipo reli ikafika Kasese na shaba ikaanza kusafirishwa hadi kiwanda cha Jinja, kilichotumia umeme wa bwawa la Owen Falls.

Shaba haijatoka katika fikra za watu wetu. Waislamu wanasoma kuhusu Dhulkarnaini aliyemimina shaba iliyoyeyuka juu ya ukuta wa chuma, na Wakristo wanasoma kuhusu nyoka wa shaba wa Musa jangwani. Mwaka 1969, katika hekalu dogo la Wamisri kwenye machimbo ya Timna, kusini mwa Israeli, alipatikana nyoka mdogo wa shaba mwenye kichwa kilichopakwa dhahabu. Sisemi kwamba ndiye yule wa Musa, ila ni wazi kwamba wachimbaji wa kale nao waliona utakatifu katika metali waliyoitolea jasho. Na katika soko la Owino mjini Kampala bado utaambiwa kwamba bangili ya shaba huondoa maumivu ya viungo. Jaribio la Chuo Kikuu cha York lililotangazwa mwaka 2013, likiwa na wagonjwa 70 wa baridi yabisi, halikuona nafuu yoyote iliyotokana na shaba yenyewe. Mimi naheshimu bangili hizo kwa sababu nyingine.

Majuzi nilikuwa Katwe, mtaa wa mafundi mjini Kampala, kwa fundi mmoja anayenunua vyuma chakavu. Katikati ya nyaya za mota zilizochomwa plastiki palikuwa na kikuku kilichokunjwa, waya mwembamba kama uzi ukiwa umezungushwa kwa mkono, mzunguko kando ya mzunguko, na pale ulipokatika nyuzi za ndani zilionekana bado. Kilikuwa kinasubiri mizani. Fundi hana kosa. Yeye hulipa kwa kilo, na aliyekileta alihitaji pesa. Lakini kila kikuku cha namna hiyo kinachoingia kwenye chungu cha kuyeyushia kinaondoka na habari za aliyekivuta na njia kilikopitia, na hatuna makaburi ya kutosha kufidia hasara hiyo.

Kwa hiyo, ndugu zangu, kama bibi au jaja amekuachia kikuku cha namna hiyo, mwulize kwanza kilitoka kwa nani, na uandike jibu lake pamoja na jina la kijiji. Kipige picha pande zote. Ukiamua kukitoa nyumbani, kipeleke kwenye Makumbusho ya Uganda pale Kampala kabla ya kwenda Katwe. Na usikisugue kwa ndimu na majivu ili king'ae, kwa kuwa nyuzi za kitambaa, kama zipo, zimeshikwa na ganda lile la kijani.